Daktari wa jicho moja aliyeona thamani ya mlo wa mashambani

Katika miaka ya 1950 na 1960, wataalamu wengi wa tiba waliokuja Afrika Mashariki kutoka Ulaya waliamini kwamba wamekuja kufundisha. Daktari mpasuaji Denis Burkitt naye alikuja na imani hiyo. Hata hivyo, alipoondoka Uganda mwaka 1966 baada ya miaka 20 ya kazi, alikuwa amejifunza mambo mawili yaliyobadilisha tiba duniani. La kwanza lilihusu saratani inayoshambulia taya za watoto. La pili, ambalo lilimtawala kwa maisha yake yote yaliyosalia, lilihusu kile ambacho familia za mashambani zilikuwa zikila kila siku bila kukifikiria.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali aliyesimamia barabara na madaraja ya wilaya. Wakati wa mapumziko mzee huyo alipenda kuchunguza ndege wadogo waliokuwa wakiishi katika shamba lake. Aliwafunga pete miguuni, akawatambua mmoja mmoja na kuchora ramani ya eneo ambalo kila ndege alilimiliki. Kazi hiyo ilimpa heshima miongoni mwa wataalamu wa ndege, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mwanasayansi kwa taaluma. Miaka mingi baadaye, mwanawe angetumia ramani kwa namna iyo hiyo, ila si kuwatafuta ndege bali kuyatafuta maradhi.

Akiwa na umri wa miaka 11, kijana huyo alipigwa na jiwe wakati wanafunzi walipokuwa wakirushiana mawe. Kioo cha miwani yake kilivunjika na kumtoboa jicho la kulia, na madaktari wakalazimika kuling'oa. Aliishi na jicho moja tangu siku hiyo.

Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake. Masomo hayo hayakumwendea vizuri. Wakati huo alikuwa amejiunga na kikundi cha wanafunzi wa Kikristo, na imani yake ikamsukuma kubadilisha mkondo na kusomea udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na kufikia 1938 alikuwa amefuzu upasuaji mjini Edinburgh.

Nia yake ilikuwa kufanya kazi barani Afrika. Ombi lake la kwanza kwa wizara ya makoloni ya Uingereza lilikataliwa kwa kuwa hakuwa na macho mawili. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomfungulia mlango. Alijiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi mwaka 1941, akapelekwa Kenya na Somalia, kisha Ceylon, nchi ambayo leo inaitwa Sri Lanka. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, na wakajaaliwa mabinti watatu. Vita vilipokwisha, jeshi likiwa limethibitisha kwamba jicho moja halikumzuia kupasua, serikali ilimwajiri Uganda.

Kituo chake cha kwanza, mwaka 1946, kilikuwa Lira katika eneo la Lango. Aliihudumia karibu peke yake jamii kubwa iliyotapakaa mbali. Huko aligundua kwamba wanaume wengi waliougua mabusha walitoka sehemu ya mashariki ya wilaya, ilhali waliotoka magharibi walikuwa wachache mno. Daktari mwingine angewapasua wagonjwa na kuliacha jambo hilo lipite. Burkitt aliuliza ni kwa nini ugonjwa uwe hapa na usiwe pale. Baadaye ilibainika kwamba tofauti hiyo ilifungamana na minyoo wanaosababisha matende, ambao huenezwa na mbu.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala. Ni hapo ndipo, mwaka 1957, daktari mwenzake Hugh Trowell alipomwita wodini kumwangalia mvulana wa miaka mitano hivi. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Maambukizi ya kawaida au uvimbe wa kawaida haungetokea katika sehemu nne kwa mpigo.

Majuma machache baadaye alikuwa akizuru hospitali ya Jinja. Alipochungulia dirishani alimwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vivyo hivyo. Alitoka nje, akampima na kugundua kwamba hata tumboni mlikuwa na uvimbe. Aliporejea Mulago alipekua kumbukumbu za wagonjwa na za uchunguzi wa maiti. Ndipo ikamdhihirikia kwamba uvimbe wa taya, wa tumbo na wa viungo vingine, ambao madaktari waliupa majina tofauti, ulikuwa ugonjwa mmoja. Ulikuwa saratani ya chembechembe za kinga ya mwili, na uliua haraka. Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza kuuhusu katika jarida la upasuaji la Uingereza. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Swali lake la Lira likarudi. Ugonjwa huo ulikuwa wapi, na haukuwa wapi? Kwa ruzuku ya pauni 25 pekee alichapisha vipeperushi zaidi ya 1,000 vyenye picha za watoto waliougua, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza kama madaktari wa huko wamewahi kuwaona wagonjwa wa aina hiyo. Majibu yalipofika aliyachomeka kwa pini kwenye ramani iliyotundikwa ukutani. Pini hizo zilifanya mkanda mpana uliozunguka ikweta, huku mkia wake ukiteremka pwani ya mashariki kuelekea kusini.

Ili kujua mkanda huo ulikomea wapi na kwa sababu gani, Oktoba 1961 alianza safari na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Walitumia gari kuukuu walilonunua kwa pauni 250. Kwa muda wa majuma 10 walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, wakizuru hospitali zaidi ya 50 na kuwahoji wahudumu wake. Walibaini kwamba karibu na ikweta ugonjwa huo haukuonekana kwenye nyanda za juu zenye baridi, na kwamba kadiri walivyokwenda kusini ndivyo ulivyozidi kujikita katika maeneo ya chini. Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi mjini Entebbe, alitambua kwamba mipaka hiyo ilifuata joto na mvua, vitu viwili vinavyoamua mahali ambapo mbu huishi.

Miezi michache kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali moja jijini London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwepo mtafiti Anthony Epstein, aliyeshuku mara moja kwamba virusi vilihusika. Walikubaliana kuwa Burkitt atatuma vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona chochote. Mwishoni mwa 1963, ndege iliyobeba kipande kimoja ilicheleweshwa na ukungu na kutua Manchester badala ya London. Kipande kilipomfikia kilikuwa kimeloa maji yenye ukungu, yaliyodhaniwa kuwa yameoza. Kumbe yalikuwa yamejaa chembechembe hai za saratani. Kutokana na chembechembe za namna hiyo, Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 kwamba wamepata virusi vipya. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mbu hakuwa msambazaji wa virusi hivyo, kwani huenezwa kwa mate na karibu kila mtu duniani huwa navyo. Mwaka huo huo wa 1964, Gilbert Dalldorf na wenzake waliokuwa wakiuchunguza ugonjwa huo nchini Kenya walielekeza kidole kwa malaria. Tafiti za baadaye ziliwaunga mkono: malaria ya mara kwa mara huvuruga kinga ya mtoto mdogo na kuviachia virusi hivyo nafasi ya kuleta madhara. Ndiyo maana nchini Kenya ugonjwa huo hupatikana zaidi katika maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani kuliko kwenye milima.

Burkitt hakuridhika kuchora ramani huku watoto wakifa. Kuukata uvimbe kwa kisu hakukusaidia, na mashine za mionzi hazikuwepo Mulago. Yeye mjini Kampala na Peter Clifford jijini Nairobi walianza kuwapa watoto dawa mpya za saratani kwa ushirikiano na watafiti wa Marekani. Matokeo yalishangaza. Kuna watoto ambao uvimbe wao ulinywea kwa siku chache baada ya dozi kidogo, na baadhi yao wakapona kabisa. Hayo yalikuwa miongoni mwa matukio ya awali yaliyoonyesha kwamba saratani inaweza kutibika kwa dawa pekee. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, na ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Mtu mwingine angeona hiyo inatosha. Burkitt alikuwa na umri wa miaka 55 aliporejea Uingereza, akifanya kazi na baraza la utafiti wa tiba. Mwaka 1967 alikutanishwa na daktari mstaafu wa jeshi la majini, Peter Cleave, ambaye wataalamu wengi walimpuuza. Cleave alidai kwamba maradhi mengi ya nchi tajiri yalikuwa na chanzo kimoja, yaani sukari na unga uliokobolewa. Burkitt alimsikiliza kwa makini, kwa kuwa maelezo hayo yalimfanya atafakari jambo ambalo alikuwa ameliona kwa miaka 20 bila kuliuliza. Katika wodi za Mulago alikuwa amepasua wagonjwa kwa maelfu, lakini ni nadra sana alipokutana na Mwafrika wa mashambani mwenye saratani ya utumbo mpana, mawe ya kibofu cha nyongo, au kidole tumbo kilichovimba. Huko Uingereza maradhi hayo yalijaza vitanda vya hospitali.

Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30, alikuwa ameona hali iyo hiyo. Mwaka 1956, yeye na mwenzake walichapisha katika jarida la tiba la Afrika Mashariki taarifa ya Mwafrika mmoja aliyeugua ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu alistahili makala, kwa kuwa ugonjwa huo ulikuwa kama kioja. Msomaji wa leo, ambaye huenda amewazika jamaa kadhaa kwa ugonjwa huo huo, anaweza kupima mwenyewe umbali ambao jamii imesafiri tangu siku hizo.

Burkitt alirudia mbinu yake ya vipeperushi. Aliandikia hospitali za misheni zipatazo 150 na kuziomba zimpe taarifa kila mwezi kuhusu maradhi hayo. Kisha yeye, Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza walifanya uchunguzi ambao wataalamu wengi waliona haya kuufanya. Walipima choo. Waliwapa watu vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, wakahesabu saa hadi vilipotoka, na kukipima choo kwa mizani. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 1972, wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 za choo kwa siku, na chakula kilipita tumboni mwao kwa takriban siku moja na nusu. Waingereza walitoa gramu 100 hivi, na chakula kikakaa ndani kwa zaidi ya siku tatu.

Tofauti hiyo, kwa maoni yake, ilitokana na nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Wataalamu wa lishe waliiona kama takataka, na viwanda viliiondoa ili unga uwe mweupe na laini. Burkitt alifundisha kwamba taka hiyo ndiyo inayokifanya choo kiwe laini, kipite upesi na kisimlazimishe mtu kujikamua. Mwaka 1975 yeye na Trowell walihariri kitabu cha kitaalamu juu ya suala hilo, na mwaka 1979 akaandika kingine kwa wasomaji wa kawaida. Alizunguka duniani akionyesha picha za choo alizopiga vichakani, akiwachekesha wasikilizaji kwanza na kuwatia wasiwasi baadaye. Mafunzo yake yalichangia kuwafanya wengi katika nchi za Magharibi kurudia mkate wa ngano isiyokobolewa.

Heshima alizipata. Mwaka 1972 alituzwa tuzo ya Lasker ya Marekani na kuteuliwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi wa Uingereza. Alifariki Machi 23, 1993 akiwa na umri wa miaka 82.

Si kila alichokisema kilithibitika. Wakosoaji walieleza kwamba rekodi za hospitali ndogo hazikuweza kuonyesha wagonjwa wote, kwamba watu wengi wa mashambani hawakuishi hadi umri ambapo saratani ya utumbo hujitokeza, na kwamba wanakijiji walitofautiana na Wazungu kwa mengi zaidi ya chakula, ikiwemo kazi ya mikono na kutembea. Madai yake kwamba mishipa iliyovimba miguuni na kidole tumbo hutokana na ukosefu wa nyuzinyuzi hayajapata ushahidi wa kutosha. Ukosoaji huo ni wa haki.

Hata hivyo, kiini cha hoja yake kimeimarika tangu afe. Mwaka 2015 watafiti waliwabadilishia chakula kwa majuma mawili watu 20 wa mashambani nchini Afrika Kusini na Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh. Wamarekani waliokula maharagwe na mboga kwa wingi walipata nafuu katika dalili za utumbo zinazohusishwa na saratani, huku Waafrika waliopewa vyakula vyenye mafuta na nyama nyingi wakidhurika. Mwaka 2019 uchanganuzi mpana uliofanywa kwa ombi la Shirika la Afya Duniani (WHO) na kuchapishwa katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba wanaokula nyuzinyuzi kwa wingi hupungukiwa na hatari ya kufa mapema, ya ugonjwa wa moyo, kiharusi, kisukari na saratani ya utumbo mpana kwa kati ya asilimia 15 na 30, wakilinganishwa na wanaokula kidogo.

Utafiti ulio karibu zaidi na Kenya ulichapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine. Ulifanywa katika eneo la Kilimanjaro, Tanzania, kwa wanaume 77 wenye afya. Baadhi ya waliozoea mlo wa jadi wa mashambani walipewa vyakula vya kisasa vya viwandani na vya kukaangwa kwa majuma mawili, na baadhi ya wakazi wa mjini wakapewa mlo wa jadi wa ndizi, mboga, kunde na nafaka kamili. Kundi jingine lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi na wimbi kilichochachushwa. Damu ya waliohamia mlo wa kisasa ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani zinazotangulia maradhi sugu. Waliohamia mlo wa jadi walipata kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo majuma manne baadaye.

Hapa ndipo maisha ya Burkitt yanapoigusa meza ya kila familia. Alipokuwa akiwasihi Wazungu wale kama wanakijiji wa Uganda, wakazi wa miji ya Afrika Mashariki walikuwa wakianza kula kama Wazungu aliowahurumia. Githeri, nduma, uji wa wimbi, kunde na managu vilianza kuonekana kama chakula cha wasiojiweza. Mahali pake pakachukuliwa na mkate mweupe, chipsi, soda na ugali wa unga uliopepetwa hadi ukaisha maganda. Katika uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015, zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima hawakuwa wakila matunda na mboga za kutosha.

Mwaka 2023 WHO ilipendekeza kwamba mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwa chakula cha kawaida, na angalau gramu 400 za mboga na matunda. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 anahitaji gramu 15, na wa miaka 6 hadi 9 gramu 21. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyoiva hutoa zaidi ya gramu 10, ilhali vipande viwili vya mkate mweupe havifikishi gramu tatu. Kwa hivyo si lazima familia iongeze bajeti. Inaweza kuusaga unga wake kinuni bila kuukoboa, kupika githeri mara mbili tatu kwa juma, kuweka mboga za kienyeji sahanini kila siku, na kumpa mtoto chungwa zima badala ya maji yake. Anayebadilisha mlo aanze kidogo kidogo na anywe maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi. Anayeona damu chooni, au anayekonda bila sababu, asijitibu kwa chakula bali aende hospitalini.

Nalo fundisho la kwanza la Burkitt lisisahaulike. Mtoto anayevimba taya au tumbo kwa haraka, au ambaye meno yake yanalegea kabla ya wakati, hasa katika maeneo yenye malaria, apelekwe hospitalini mara moja wala asicheleweshwe kwa kudhaniwa kuwa ni jino linalouma. Ugonjwa ambao mwaka 1957 ulikuwa hukumu ya kifo sasa hutibika ukigunduliwa mapema.